SOMO LA WIKI: Kadi ya chakula ya Marekani huvuka mpaka wa jimbo, jalada hubaki nyuma

Mfanyabiashara anayetoa mchele Kyela na kuuza Dar es Salaam haulizwi noti zake zilitoka tawi gani la Benki Kuu. Shilingi ni shilingi. Nchini Marekani, ambako kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na ofisi zake za ustawi wa jamii, jambo hilo halikuwa jepesi kwa fedha ya aina moja: ile ambayo serikali huwapa watu wa kipato kidogo wanunulie chakula.

Fedha hiyo si ya kubeza. Katika mwaka wa fedha wa 2024 mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama SNAP, ulihudumia wastani wa watu wapatao milioni 42 kila mwezi na kugharimu karibu dola bilioni 100 za Kimarekani. Maduka yenye kibali cha kuipokea yanazidi 250,000, kuanzia Walmart hadi kiduka cha mtaani kinachouza mkate na maziwa. Kwa msomaji anayefuatilia hisa za makampuni ya rejareja ya huko, au mwenye ndugu ambaye mwaka jana alikuwa Ohio na mwaka huu yuko Texas, inafaa kujua fedha hii hutembeaje. Kwa ufupi ni kwamba fedha yenyewe hutembea vizuri, lakini haki ya kuipata haitembei. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo watu wanapopoteza chakula cha mwezi mzima.

KARATASI ILIVUKA, PLASTIKI IKAKWAMA

Mpango wa kwanza ulianzishwa Mei 1939 katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Mwenye shida alinunua stempu za rangi ya chungwa kwa dola 1, akapewa bure stempu za buluu za senti 50. Za buluu zilinunua vyakula ambavyo serikali ilikuwa imetangaza kuwa vimezidi sokoni. Kwa maneno mengine mpango ulikuwa wa mkulima aliyekosa bei kama ulivyokuwa wa mlaji aliyekosa fedha, na hadi leo unasimamiwa na Wizara ya Kilimo. Ulisimama mwaka 1943, ukafufuliwa kwa majaribio mwaka 1961, na mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria iliyoufanya wa kudumu.

Kwa miaka mingi msaada ulitolewa kwa vitabu vya kuponi za karatasi. Kuponi zilikuwa na kasoro zake. Zilichapishwa kwa gharama, zililindwa kama fedha, zilihesabiwa na keshia mbele ya foleni, na nyingine ziliuzwa mitaani kwa bei ya chini ya thamani yake. Lakini zilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeihesabu mpaka ilipopotea: ziliongozwa na sheria ya nchi nzima, na duka lolote lenye kibali, katika jimbo lolote, lilizipokea.

Mwaka 1984 kadi ilijaribiwa katika mji wa Reading, Pennsylvania. Mwaka 1993 Maryland ikawa jimbo la kwanza kuitumia jimbo zima, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likaagiza majimbo yote yawe yamehamia kwenye kadi ifikapo Oktoba 1, 2002. Kila jimbo lilitafuta mkandarasi wake na kuunda mtambo wake. Matokeo yake ni kwamba teknolojia mpya ilifanya kazi vizuri ndani ya jimbo na kugota mpakani. Mashine ya duka la jimbo jirani haikuwa na njia ya kuiuliza kompyuta ya jimbo lililotoa kadi kama kuna salio.

Hili lingekuwa jambo dogo kama watu wangeishi katikati ya majimbo. Hawaishi hivyo. Jiji la Kansas City limekatwa na mpaka wa Missouri na Kansas. Mtu hulala upande mmoja na soko lake la karibu liko upande wa pili. Wakazi wa Washington huingia Maryland na Virginia kila siku bila kujua hasa mpaka uko wapi. Wauza vyakula wa maeneo kama hayo waliona wateja wa zamani wakigeuka mlangoni, au wakatakiwa kuweka mashine ya ziada ili wapokee kadi za jirani. Mwenye duka kubwa huimudu gharama hiyo. Mwenye duka dogo hupiga hesabu ya faida yake kwenye mkate na kuacha.

Dawa ilipatikana Februari 2000, sheria ilipotiwa saini kuyataka majimbo yatumie kanuni moja na kuziunganisha kompyuta zao. Kulikuwa na swali la nani alipie ujumbe unaotoka kwenye mashine ya duka la jimbo moja kwenda kwenye kompyuta ya jimbo jingine. Serikali kuu ilikubali kubeba gharama hiyo yote, lakini kwa kikomo cha dola 500,000 kwa mwaka. Nusu milioni, kwa mpango unaohesabiwa kwa mabilioni! Wafanyabiashara wa Tanzania waliowahi kutembea na laini tatu za simu kwa sababu fedha za mtandao mmoja zilikuwa haziingii mtandao mwingine wanaifahamu hadithi hii. Huku makubaliano ya kwanza ya kuunganisha yalifikiwa mwaka 2014, na huku pia tatizo halikuwa waya bali nani alipe na nani akubali.

Ilipofika katikati ya mwaka 2004 majimbo yote 50 yalikuwa kwenye kadi. Oktoba 2008 jina la zamani la stempu za chakula lilifutwa rasmi, na baada ya Juni 17, 2009 kuponi za karatasi hazikupokewa tena.

KADI IKIWA SAFARINI

Mtu aliyepewa kadi Ohio akienda Texas kumtembelea dada yake huitumia kama alivyoitumia nyumbani. Huipitisha kwenye mashine, huingiza namba ya siri, na tarakimu za mwanzo za kadi huieleza mashine kwamba kompyuta ya kuulizwa ni ya Ohio. Jibu hurudi kwa sekunde chache. Mwenye duka hulipwa benki, kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi. Haruhusiwi kumtoza mteja ada, wala mauzo hayo hayatozwi kodi ya mauzo ya jimbo au ya mji. Hakuna haja ya kuomba ruhusa ya kusafiri, na msafiri hapaswi kufungua maombi mapya Texas kwa sababu tu amekaa wiki mbili. Kanuni zinasema wazi kwamba aliyekuja kwa mapumziko si mkazi.

Kadi hutumika pia Alaska, Hawaii, Guam na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Haitumiki Puerto Rico, ingawa wakazi wake ni raia wa Marekani. Tangu mwaka 1982 kisiwa hicho hupewa fungu lake maalumu na huendesha mpango wake chenyewe, kwa hiyo kadi ya Florida haina kazi San Juan na ya San Juan haina kazi Florida. Nje ya Marekani haitumiki kabisa. Anayekuja likizo Mombasa au Tanga aiache nyumbani.

Zipo sababu mbili kubwa zinazoweza kumkwamisha msafiri ndani ya Marekani kwenyewe, na zote zinahusu usalama wa mtambo kuliko sheria.

Ya kwanza ni wizi. Wezi hubandika vifaa kwenye mashine za maduka, wakanakili utepe wa sumaku wa kadi na namba ya siri, kisha humaliza salio usiku wa siku ileile ya malipo, mara nyingi katika jimbo la mbali. Kadi za benki za Marekani zilishawekewa chipu miaka mingi iliyopita. Kadi za chakula ziliachwa na utepe, na California ndiyo iliyotangulia kutoa zenye chipu, mwaka 2025. Ni vigumu kuueleza uchelewaji huo kwa namna yoyote isipokuwa kwamba mwenye kadi hizi hana nguvu ya mteja wa benki. Serikali kuu iliruhusu fedha zake zitumike kufidia chakula kilichoibwa tangu Oktoba 2022 hadi Desemba 20, 2024, kisha ruhusa hiyo ikaisha. Kwa kujikinga, majimbo kadhaa humruhusu mwenye kadi kuifunga isitumike nje ya jimbo. Kufuli hilo ni zuri mpaka siku mwenyewe anaposafiri na kulisahau. Keshia haoni sababu, huona tu kwamba kadi imekataliwa. Anayesafiri alifungue kabla ya kupanda basi, na alifunge tena akirudi.

Ya pili ni mtambo kuzimika. Jumamosi ya Oktoba 12, 2013 hitilafu ya umeme wakati wa majaribio ya mtambo wa akiba kwenye kampuni ya Xerox ilizuia kadi katika majimbo 17 kwa saa nyingi. Mikokoteni yenye bidhaa iliachwa kwenye vijia vya maduka. Muungano wa mitambo umeondoa mipaka, lakini umeacha kazi mikononi mwa makandarasi wachache, na hilo mwekezaji anayesoma mizania za kampuni hizo hana budi kulipima.

KUHAMA NI HABARI NYINGINE

Msafiri hubaki kuwa mtu wa jimbo lake. Anayehama habaki. Msaada hutolewa na jimbo ambamo mtu anaishi, na hakuna utaratibu wa kuhamisha jalada kutoka ofisi moja kwenda nyingine. La zamani hufungwa, jipya hufunguliwa, na mahojiano, vielelezo vya kipato na uhakiki wa utambulisho huanza upya.

Sheria yenyewe si kali kwa mgeni. Jimbo haliruhusiwi kuweka muda wa chini wa ukaazi. Aliyefika juzi akiwa na nia ya kukaa anaweza kuomba leo. Halazimiki kuwa na anuani ya kudumu, na hata anayelala kwenye makazi ya wasio na nyumba ana haki ya kuomba. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Kwa wenye hali mbaya zaidi, mathalani wenye kipato cha chini ya dola 150 kwa mwezi na akiba isiyozidi dola 100, muda ni siku 7. Vibarua wa mashamba wanaofuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo nao huingia kwenye mlango huo wa haraka wakifika mikono mitupu.

Panapouma ni kanuni ya mwezi mmoja. Mtu haruhusiwi kupokea kutoka majimbo mawili katika mwezi uleule. Anayelindwa na kanuni tofauti ni yule aliyekimbilia makazi ya waliopigwa nyumbani. Jimbo jipya likikuta jalada la zamani bado liko wazi, husimamisha maombi au huyakataa. Likikuta limefungwa mapema mno, familia huwa imeshakosa.

Hesabu inaeleweka zaidi kwa mfano. Katika mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2025 kiwango cha juu kwa familia ya watu 4 katika majimbo 48 ya bara kilikuwa dola 994 kwa mwezi. Serikali huchukulia kwamba familia itatumia asilimia 30 ya kipato chake halisi, baada ya makato yanayoruhusiwa, kununulia chakula, kisha hujazia pengo. Familia yenye kipato halisi cha dola 1,000 hukatwa 300 na kubakiwa na dola 694.

Chukulia familia hiyo inatoka Ohio kwenda Texas. Mama ametoa taarifa vizuri, na Ohio imefunga jalada mwisho wa mwezi. Wamefika Texas, wamehangaika na nyumba, shule na kazi, na maombi yanawasilishwa tarehe 21 ya mwezi unaofuata, wenye siku 30. Msaada wa mwezi wa kwanza huhesabiwa kuanzia siku ya maombi, si siku ya kuwasili wala ya kuhitaji. Zimebaki siku 10 kati ya 30, hivyo familia itapata theluthi moja: dola 231. Dola 463 zimepotea bila kosa, bila ulaghai, kwa sababu tu maombi yalichelewa. Yangewasilishwa tarehe 1, hata kabla ya vielelezo vyote kukamilika, familia ingepata zote 694, kwa kuwa fomu yenye jina, anuani na saini inatosha kuweka tarehe.

Kwa hiyo anayehama hufanya vizuri kuhama akiwa na salio. Aiambie ofisi ya zamani ifunge mwisho wa mwezi ambao tayari amelipwa, adai barua ya kufungwa, kisha awasilishe maombi mapya siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Kadi ya zamani isitupwe. Salio lililomo ni mali halali na linanunua chakula katika jimbo jipya. Hufutwa tu ikiwa akaunti itakaa bila kutumika kwa siku 274, yaani miezi 9.

Kukaa kimya na kuendelea kula kwa kadi ya jimbo la zamani ni kishawishi kikubwa, hasa kwa vile mashine haimkatazi mtu. Lakini manunuzi yote huacha alama, na majimbo kadhaa hufuatilia kadi zinazotumika nje kwa miezi mfululizo na kumwandikia mwenyewe ajieleze. Anayedanganya kuhusu makazi ili apokee sehemu mbili kwa wakati mmoja hufungiwa miaka 10.

Wanaohamia Hawaii hukuta hesabu tofauti kabisa. Kiwango cha juu cha familia ya watu 4 huko, kwa mwaka huohuo wa fedha, kilikuwa dola 1,689, maana chakula kingi hufika visiwani kwa meli. Familia ya mfano wetu ingepata dola 1,389, mara mbili ya ile ya Texas. Mtu wa Hawaii anayekwenda kutembea bara husafiri na kiwango chake cha visiwani, jambo ambalo kila muuza duka angependa liwe la wateja wake wote.

MAJIMBO YANAPOGUSWA MFUKONI

Kwa miongo mingi serikali kuu ililipa msaada wenyewe wote, na majimbo yakachangia nusu ya gharama za ofisi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilibadilisha mgawanyo huo. Kuanzia Oktoba 2026 sehemu ya majimbo katika gharama za ofisi iliwekwa kuwa asilimia 75. Kuanzia Oktoba 2027 majimbo yanatakiwa kuchangia msaada wenyewe kulingana na makosa yao ya malipo: yenye makosa chini ya asilimia 6 hayalipi kitu, na yenye asilimia 10 au zaidi hulipa asilimia 15, ingawa yenye viwango vibaya kupindukia yalipewa muda wa ziada. Kiwango cha makosa cha nchi nzima mwaka 2024 kilikuwa asilimia 10.93.

Anayehama ndiye chanzo rahisi cha makosa hayo, kwa sababu kulipwa mara mbili huhesabiwa, na kulipwa baada ya kuondoka huhesabiwa. Hadi Oktoba 2027 majimbo yote yanatakiwa pia yawe yamejiunga na daftari la pamoja la kukagua kama mwombaji analipwa kwingine, lililoanza kwa majaribio katika majimbo matano ya kusini. Daftari hilo linaweza kuwa neema kama litaharakisha kufunga na kufungua majalada kwa siku moja. Dalili za kibiashara zinaonyesha vinginevyo: ofisi iliyowekewa faini kwa kulipa kimakosa, na isiyowekewa faini kama hiyo kwa kuchelewa, itachelewa.

Sheria hiyohiyo iliwaondoa kwenye msaada wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu. Hili liliwagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwani Wakongo wengi walipokewa katika majimbo kama Kentucky, Texas na Iowa, na ni desturi yao kuhama tena kufuata kazi za viwandani na jamaa waliotangulia. Kwao swali la kwanza wakifika jimbo jipya si tarehe ya maombi bali ni karatasi ya ukaazi.

Novemba 2025 ilionyesha upande mwingine wa kutegemea jimbo. Serikali kuu ilikuwa imefungwa tangu Oktoba 1 kwa kukosa bajeti, na msaada wa mwezi ukacheleweshwa nchi nzima. Katikati ya amri za mahakama zilizopingana, baadhi ya majimbo yalilipa kiasi chote, mengine sehemu, mengine yakasubiri mpaka serikali ilipofunguliwa Novemba 12. Kwenye miji ya mpakani duka lilelile, siku ileile, lilipokea wateja wenye kadi zilizojaa na wenye kadi tupu, tofauti yao ikiwa ni upande wa barabara wanakolala.

Liko jipya ambalo wauza maduka ya mpakani watakaa nalo muda mrefu. Tangu zamani orodha ya vinavyonunuliwa ilikuwa moja: chakula cha kupika nyumbani ndiyo, pombe, sigara, sabuni na chakula cha moto kilichopikwa dukani hapana. Januari 1, 2026 majimbo matano, Indiana, Iowa, Nebraska, Utah na West Virginia, yalianza kutumia vizuizi vyao ya kupunguza vitu vitamu, kila moja kwa orodha yake. Omaha iko Nebraska na Council Bluffs iko Iowa. Kinachozitenganisha ni mto Missouri. Nebraska ilizuia soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Iowa ilizuia vyakula vyote ambavyo hutozwa kodi ya mauzo jimboni humo, pipi zikiwemo. Pakiti ya pipi iliyopita kwenye mashine ya Omaha asubuhi inarudishwa rafuni Council Bluffs mchana, na keshia ndiye anayetakiwa kumweleza mteja kwa nini.